Kiti cha Darubini

Kulenga bunduki ni kazi ya jicho moja. Wenye mawili hulazimika kulifumba moja, wakakunja uso kama waliolambishwa shubiri, ndipo waone wanachokitaka. Mimi Mungu amenipunguzia usumbufu huo. La kushoto nililiacha kwetu Kilangala, kwenye moto wa kubangua korosho, siku ganda lilipopasuka na mafuta yake yakanirukia kabla sijajua nimeyakosea nini. Nimebaki na la kulia, na hilo ndilo linalokaa nyuma ya darubini. Hapa Kilwa Kivinje wananiita Hussen Chongo, naitika. Mke wangu Somoe peke yake ndiye anayeshikilia kwamba nina kengeza. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza, na mimi natembea mjini kama ushahidi wa maneno yao.

Kabla ya kazi hii nilishajaribu nyingi. Nimelima ufuta, mvua ikaenda kwa jirani. Nimeendesha bodaboda ya mtu, mwenyewe akaichukua wiki niliyoanza kuzizoea breki zake. Nimeoa nikiwa na godoro moja, na godoro lenyewe la kuazima. Dunia ikikupiga sana inakuachia kuchagua unune au ucheke, na kununa kunachosha mashavu. Kwa hiyo niliposikia akina mama wa vichanjani wanatafuta mtu wa kupiga kunguru, nilikwenda nacheka. Wakacheka na wao, wakadhani natania. Nikaomba bunduki, nikamwangusha kunguru mmoja juu ya nguzo, na kicheko kikabaki kwangu peke yangu.

Vichanja ni zile meza ndefu za miti na nyavu wanazoanikia dagaa pale ufukweni. Dagaa wakianikwa asubuhi, kunguru wanafika kabla ya jua. Nasema wale weusi wenye shingo ya kijivu, wezi wasiojua haya. Wanakula, wanatawanya, na wanachobakiza wanakinyea. Sheikh wetu alishatutoa wasiwasi siku nyingi, kwamba kunguru ni katika wale wanyama watano ambao kuwaua hakuna lawama. Bunduki ya upepo tunayotumia ni ya kikundi cha akina mama. Kibali kiko kwa mwenyekiti wao, Bi Sada, na risasi wananunua wao. Mimi changu ni jicho tu. Nikimpiga kunguru mmoja, wenzake wanahama siku nzima kwenda kusumbua watu wengine, na dagaa wanakauka kwa amani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, mpaka Ramadhani ya mwaka huu ilipokwisha nikaanza kukosa.

Mara ya kwanza risasi ilipiga nguzo. Nikasema upepo. Halafu ikapita chini ya kunguru, naye akaiangalia ilikokwenda, kisha akaniangalia mimi, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Juma lililofuata nikamtoboa Bi Sada beseni lake jipya. Aliliinua juu, jua likapita kwenye tundu likamgusa puani.

"Hussen mwanangu," akasema, "beseni hili lina mabawa?"

"Halina, Bi Sada."

"Limewahi kukuibia dagaa?"

"Halijawahi."

"Basi tuzungumze."

Bi Sada si mtu wa kupiga kelele. Kelele angezipiga ningefurahi, kwa sababu kelele huisha. Alikaa kwenye ukingo wa kichanja akanieleza taratibu, kama anayemfunda mwari. Bunduki wanayo, risasi wanazo, kunguru ndio usiseme. Kinachotiliwa shaka ni jicho. Wenzake wameshazungumza na mtu mmoja, Amiri, anayeweka sumu kwenye vichwa vya samaki. Yeye mwenyewe sumu haipendi, kwa sababu paka na mabata hawajui kusoma onyo. Lakini hawezi kuwaambia watu waendelee kuwalisha kunguru ili Hussen asinyong'onyee.

"Ijumaa asubuhi utupigie kunguru mmoja, tuone," akasema. "Ukimkosa, baada ya swala Amiri anakuja na ndoo yake. Na jicho lako ulipeleke Lindi likaangaliwe, usije ukatugonga sisi."

Nikamwambia jicho ni zima. Kinachoyumba ni kiti.

"Kiti gani? Si unapiga umelala kifudifudi?"

Nikamwonyesha. Darubini haikai juu ya bunduki kwa mapenzi. Chini yake kuna kipande cha chuma chenye pete mbili za kuikumbatia na meno ya kung'ata mifereji iliyochongwa mgongoni mwa bunduki. Hicho ndicho kiti. Cha kwetu kilikuja na bunduki, ni cha moja kwa moja, hakiinuki wala hakilali. Na mtutu wa bunduki yetu umeinama kidogo kwa mbele, kama mzee anayetafuta shilingi chini. Vifundo vya darubini nimevizungusha mpaka vimegota, na bado risasi inashuka. Kinachotakiwa ni kiti cha kurekebisha, cha kuinuliwa nyuma ili darubini nayo iiname na kutazama kule kule mtutu unakotazama.

Bi Sada akanisikiliza mpaka mwisho. "Umesema vizuri," akasema. "Jicho langu la kulia nalo lilianza hivyo hivyo. Nikalaumu sindano, nikalaumu uzi, nikamlaumu aliyeniuzia. Mwisho daktari akanionyesha mtoto wa jicho."

Mtu mwenye macho mawili akiambiwa moja lina mashaka, analo la akiba. Mimi la akiba nimeshalitumia. Nilipofika nyumbani nilisimama mlangoni nikazisoma herufi za kwenye gunia la mchele lililokuwa kwa jirani. Nikazisoma zote. Halafu nikakumbuka kwamba gunia hilo nalijua kwa moyo.

Basi nikatafuta viti, na kwa bahati vikaja viwili kwa mpigo. Kimoja alikileta shemeji yangu Yassin, mdogo wake Somoe, anayeuza vifaa Kariakoo na aliyekuja kumsalimia dada yake. Cha pili alikitengeneza Tomaso, fundi wa kuchomea vyuma hapa hapa mjini. Tomaso ni Mmakonde na mimi Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hukusaidia huku anakutukana. Akikusaidia kimya kimya, ujue anaumwa.

Alhamisi asubuhi tukakutana nyuma ya gofu la Mdachi, mahali ambapo ukuta ni mnene na hapiti mtu. Nilikuwa nimeshaipangusa bunduki kwa mafuta ya nazi toka kichwani mpaka kitakoni, ikang'aa kama bibi harusi. Hapa pwani chuma kisichopakwa mafuta hakifikishi mwezi. Chumvi inakila hivi hivi unakiona. Cherehani, baiskeli, bawaba za mlango, vyote vinapakwa. Yassin, pamoja na ujanja wake wa Dar, aliishika akasifu.

"Shem, chuma unakitunza. Safi sana."

"Kakulia kwa watu," akasema Tomaso. "Huko kwao bara wangeitunza kwa kuifunika majani."

"Huko kwetu tunafunika vitu kwa sababu mna mkono mrefu nyinyi."

"Mkono huo huo ndio umekutengenezea kiti. Lete shukurani."

Nikakitazama kiti chake. Alikikata kwenye chuma cha fremu ya baiskeli, kizito, cheusi, kina alama za jiwe la kusagia kila upande. Meno yake yalikuwa marefu, yakishikwa na boliti nne. Nyuma kilikuwa na boliti moja nene. Ukiizungusha, mkia wa kiti unainuka.

"Mtani," nikamwambia, "nimekuomba kiti cha darubini, wewe umenichongea kinyago cha shetani. Naona kabisa pua hii hapa."

"Ndiyo sura yako ile. Nimekuacha jicho moja, nisiseme uongo."

Cha Yassin kilikuwa ndani ya boksi lenye sifongo, kimelala kama yai. Chepesi, cha alumini, kina vifundo viwili. Cha nyuma cha kuinua na kushusha, cha pembeni cha kupeleka kushoto na kulia, na kando yake vimechongwa vistari vidogo ili ujue umezungusha kiasi gani. Kilikuja na kispana chake chenye umbo la L, kidogo kama kijiti cha meno.

"Hiki ndicho chenyewe, shem. Hiki hukosi. Unazungusha kidogo, tik, unasikia kabisa. Cha fundi wetu huyu utakisikia kikikwaruza mpaka Kilwa Masoko."

Tomaso akakipima mkononi, akakirudisha. "Kizuri. Mnunulieni na hereni zake."

Tukachora duara kwa mkaa kwenye boksi, tukaliegemeza ukutani kwa umbali ule ule uliopo kati ya banda langu la kujifichia na nguzo ya mwisho ya kichanja. Nikalaza bunduki juu ya gunia la mchanga. Tukaanza na cha Yassin. Akakifunga mwenyewe, mimi nikazungusha vifundo, risasi zikapanda, zikasogea, zikaingia katikati. Moja katikati. Nyingine ikagusana nayo. Yassin akaanza kutafuta simu apige picha.

Halafu zikaanza kushuka. Hazikuruka huku na huku kama za mtu mwenye mkono mbovu. Zilishuka kwa mpango, kila moja chini kidogo na kushoto kidogo ya mwenzake, kama watu wanaoteremka ngazi.

"Umeikunja shingo, shem," Yassin akasema, simu bado mkononi.

"Sijakunja."

"Kidogo."

Tukazungusha upya, tukarudi katikati. Mara mbili zikakaa, kisha ngazi ile ile. Tomaso alikuwa amekaa juu ya tofali akitafuna mua, anatazama kwa raha ya mtu aliyealikwa harusini na hana wa kumtunza.

"Ondoeni hereni," akasema. "Leteni chuma."

Tukafungua cha Yassin. Nikaipangusa bunduki tena, maana vidole vyetu vilikuwa na jasho na jasho ni chumvi. Tomaso naye akadondosha tone moja chini ya kiti chake kabla ya kukifunga, kwa ile tabia ya fundi ambaye hawezi kukutanisha vyuma viwili bila mafuta katikati. Akakaza boliti zake nne mpaka mshipa wa shingo ukamsimama.

"Hiki kikisogea," akasema, "mimi nahamia Umwera."

"Usitutishe, mtani. Tuna shida zetu tayari."

Boliti yake ya nyuma haikuwa na tik wala vistari. Uliizungusha kidogo, risasi ikaruka kutoka chini ya boksi mpaka juu ya boksi. Ilinichukua muda kuipata katikati. Nilipoipata, ikakaa. Nikapiga nyingine, ikakaa. Tomaso akatema kapi la mua kwa heshima kubwa, kama mtu anayesafisha koo ahutubie.

Risasi iliyofuata ikashuka. Na iliyoifuata.

Mtani wangu, ambaye hata msibani hajawahi kunyamaza, akaanza kuangalia vidole vyake. Nilijua anachokifikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri. Viti viwili visivyofanana hata kwa rangi, kimoja cha kiwandani na kingine cha fremu ya baiskeli, haviwezi kuugua ugonjwa mmoja. Kilichokuwepo mara zote mbili ni bunduki, na nyuma ya bunduki ni mimi.

"Piga wewe," nikamwambia Yassin.

"Mimi, shem? Mimi sijawahi."

"Ndiyo maana."

Akapiga. Risasi zake zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Hazikunisaidia chochote, na Tomaso akazidi kuangalia vidole.

Nikainuka, nikajidai najinyoosha. Nikaangalia bahari ile pale kati ya mikoko, nikautafuta mstari wa maji na mbingu. Ulikuwepo. Nikautazama mpaka ukaanza kucheza, kisha sikujua tena kama unacheza wenyewe au nauchezesha mimi. Nilishacheka mambo mengi maishani mwangu. Hilo nilitafuta pa kulishikia nilicheke, sikupapata.

Ndipo Somoe akaja na bakuli la mihogo na chai kwenye chupa. Akatuangalia nyuso, akaelewa, hakuuliza. Ana adabu hiyo, anajua kuna maswali yanayomvua mtu nguo mbele ya wageni. Akatua bakuli, akaiona bunduki juu ya gunia, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga, alipofunga kichupa.

"Upepo wa leo una chumvi," akasema, kama anayezungumza na bunduki.

Akadondosha mafuta ya nazi, akayapitisha kwa kidole mgongoni mwa chuma, polepole. Namjua anavyofanya, kila asubuhi anafanya. Toka nilipoanza kukosa amekuwa akifanya asubuhi na jioni, kwa sababu anaamini chuma kikipendwa kitatii. Mimi huwa nageuka nakwenda kunawa. Siku hiyo nilikuwa nimesimama tu, sina kazi, nikatazama.

Mafuta yalifuata mfereji. Yakatembea mpaka kwenye meno ya kiti cha Tomaso, yakasimama kidogo, kisha yakaingia chini yake yakapotea.

Nikapiga magoti. "Tomaso, una chaki?"

Fundi wa kuchomea hakosi chaki. Nikachora mstari mmoja uliopita juu ya jino la kiti ukaendelea mgongoni mwa bunduki. Nikapiga risasi. Bunduki ya upepo inayosukumwa na springi, kama yetu, si kama bunduki nyingine, inapiga teke mara mbili, kwanza nyuma, halafu mbele, na mbele ndiko kubaya zaidi. Nikatazama chaki. Mstari mmoja ulikuwa umekuwa miwili. Kiti kilikuwa kimerudi nyuma na kupinda kidogo, unene wa kucha tu. Lakini unene wa kucha hapa, kule kwenye nguzo ni beseni la Bi Sada.

"Kinateleza," akasema Tomaso. Akainama mpaka pua ikagusa chuma. "Nimekikaza mimi. Kinatelezaje?"

Nikakipitisha kidole pale, nikampa anuse.

Akanusa. Akaniangalia. Kisha akamwangalia Somoe, na nikaona utani wa mwaka mzima unamjia mdomoni, unapanga mstari.

"Mimi ndiye niliyepaka," nikasema haraka. "Na wewe umepaka tone lako, nilikuona. Na Yassin kasifu. Atakayecheka aanze na mama yake, maana sote tumelelewa na chupa moja."

Ilikuwa kweli. Mtu wa Dodoma angeliona kosa hilo kwa mbali. Sisi tumezoea kwamba chuma na mafuta ni mtu na mkewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kuna mahali pamoja inabidi walale mbalimbali. Kadiri nilivyokosa ndivyo nyumba nzima ilivyozidi kupaka, na kadiri tulivyopaka ndivyo nilivyozidi kukosa.

Somoe alikuwa amekifumba kichupa kiganjani. "Nimeiharibu?" akauliza.

"Umeizuia isiliwe na kutu. Bila wewe tungekuwa tunapigia kunguru bomba la maji." Nikachukua kichupa nikamfungia mwenyewe kwenye pindo lake. "Paka kama unavyopaka. Ila hapa mgongoni, hizi njia mbili, niachie pakavu kama koo la aliyefunga saumu."

Tomaso akatoa petroli kidogo kwenye pikipiki yake, tukaosha meno, mifereji, boliti, kila kitu, tukafuta kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Ndipo tukaanza mashindano ya haki, na naweza kuyasimulia bila upendeleo, kwa sababu wote wawili wamenitukana sawasawa.

Cha Yassin, kwa kurekebisha, hakina mfano. Unataka risasi ipande unene wa punje ya mtama, unazungusha tik moja, inapanda punje ya mtama. Ukihamia umbali mwingine unahesabu vistari, ukirudi unavirudisha. Mtu anayewinda ngedere kwenye mikorosho, leo karibu kesho mbali, akichukue hicho asigeuke nyuma. Lakini vifundo vyake vinashikiliwa na skrubu ndogo kama chawa, na yale mateke mawili ya springi yanazilegeza. Baada ya kupiga sana ilibidi nizikaze upya, na kile kispana ukikidondosha mchangani umekizika.

Cha Tomaso, kwa kurekebisha, ni adhabu. Hakijui punje wala vistari. Unasukuma boliti, unapiga, unaomba dua. Kinaongeza uzito, na mkono unaujua. Lakini ukishakipata na ukakaza nati yake, kimelala hapo mpaka kiyama. Nilipiga mpaka bega likaniuma, mstari wa chaki ukabaki mmoja. Kushoto na kulia hakiendi, lakini hilo darubini yenyewe inamaliza, maana vifundo vyake sasa havijagota.

Na mimi napiga kutoka banda lile lile kwenda nguzo ile ile kila siku ya Mungu. Tik za nini?

"Nachukua shetani," nikasema.

Yassin akaguna. "Shem, unaacha kitu cha kiwandani?"

"Sikiachi. Kitakwenda Kilangala msimu wa korosho, kwa ndugu zangu wenye ngedere. Huko kitapata kazi ya hadhi yake."

"Sema tu umemwogopa mtani wako."

"Kamwogopa nani?" akasema Tomaso. "Kachagua ndugu yake. Hujaona wanavyofanana?"

Ijumaa asubuhi akina mama walikuwa wamejipanga vichanjani kabla sijafika, kama watu wa mpira. Amiri wa sumu hakuwepo lakini ndoo yake ilikuwepo, imefunikwa kwa sahani. Na kunguru walikuwepo, juu ya nguzo, juu ya paa, mpaka waliponiona. Wakapiga kelele mara moja wakahamia juu ya gofu, wakakaa wananitazama.

Nilisahau kusema kwamba kunguru anajua sura. Mwaka mzima nimewapiga nikiwa nimejificha bandani, wanakuja wananikuta nimeshajilaza. Siku hiyo nilikuja nimechelewa, natembea katikati ya watu kama bwana harusi, na wao walikuwa wamewahi.

"Hawashuki," akasema Bi Sada. "Wanakujua, Hussen."

"Basi wasinijue. Niazime kanga."

Akavua ya juu, ile nyekundu yenye mikungu ya ndizi, akanitupia. Nikajitanda mpaka puani, nikakaa kati ya akina mama kwenye kichanja kilicho jirani na banda langu, bunduki nimeilaza chini ya kichanja mtutu ukichungulia. Ungewasikia.

"Bi harusi, mahari umeshachukua?"

"Mbona bi harusi ana ndevu?"

"Mwache. Waume wa siku hizi hawachagui."

"Chagueni dagaa," nikawaambia kutoka ndani ya kanga. "Mkinitazama mimi, na wao watanitazama."

Wakainama wakachagua dagaa. Kunguru wakateremka mmoja mmoja. Wa mwisho kutua, juu ya nguzo yangu, alikuwa dume kubwa lenye mkia uliochakaa upande mmoja. Nililifahamu, ndilo lililonitazama kama mtu wa chenji.

Nikajilaza kifudifudi polepole, nikaweka jicho. Na hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo furaha ya jana ilikuwa imelifunika. Miezi yote hii nilikuwa na kiti cha kusingizia. Sasa kiti kilikuwa kikavu na kimekazwa, mstari wa chaki ni mmoja, boksi lote la jana linanitetea. Nikikosa leo hakuna wa kumtupia. Nikaona kifua cha kunguru, manyoya ya kijivu yakipepea, na ukingo wake ukiwa mkali kama umekatwa kwa mkasi. Nikauangalia ukingo huo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ulibaki mkali. Nikabana pumzi, nikavuta.

Kunguru hakupiga kelele. Alikunja mabawa kama mtu anayefunga duka, akaanguka upande wa mchanga.

Wenzake waliruka wote kwa pamoja, anga ikawa nyeusi kidogo. Bi Sada akainuka akaenda kumtazama, akamgeuza kwa ncha ya ndala. Akarudi akanitazama mimi, jichoni, kwa karibu, kama anayekagua samaki.

"Ni zima," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia kiti."

"Vyote viwili, Bi Sada."

Akamgeukia mmoja wa wale akina mama. "Ndoo ya Amiri ipelekeni kwake kabla ya adhana. Mwambieni tunamshukuru, na afunike vizuri njiani." Halafu akanyoosha mkono. "Lete kanga yangu, bi harusi. Nawahi kuoga."

Nikampa. Akajitanda, akashika njia ya kwake, inayopita chini ya gofu.

Walimngoja afike pale pale. Wa kwanza alishuka akamdonoa utosini, wa pili akafuata, kisha wote, wanapiga kelele, wanamzunguka, na kila akiinua mkono wanazidi. Mimi walinipita juu ya kichwa bila hata kunitupia jicho. Kwao muuaji ni mtu mmoja tu, mwenye kanga nyekundu yenye mikungu ya ndizi.

Bi Sada akajibanza ukutani. Toka nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza kupandisha sauti.

"Hussen. Wewe Hussen. Njoo unifikishe nyumbani."

"Bunduki nije nayo?"

"Njoo nayo. Na kesho uje, na keshokutwa, mpaka hawa wanisahau."

Nikatia risasi, nikajifuta mkono kwenye suruali usije ukawa na mafuta, nikamfuata.